Kitetemeshi cha Hilari

Mwaka wa 1958 mpunga ulikubali katika bonde zima la Kilombero, na Hilari, mkulima wa Ifakara na mpiga gitaa wa bendi ya klabu, aliuza magunia yake akafanya jambo ambalo mkewe Apolonia hakulitarajia. Alikwenda Morogoro kununua bati za kuezekea jiko. Alirudi na kisanduku cha chuma kisichozidi tofali kwa ukubwa, kina vifundo viwili vya kuzungusha mbele na waya nyuma.

"Hiki nini, Baba Rosa?" Apolonia aliuliza.

"Kitetemeshi. Sauti ya gitaa inapita humu kabla ya kwenda kwenye spika. Inaingia imenyooka, inatoka inatetemeka, kama maji yakipigwa na upepo."

Apolonia alikigeuza huku na huku. "Na bati?"

"Bati mwakani."

Apolonia hakugomba. Alirudi jikoni akaendelea kupika, na moshi ulipomzidi alikohoa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Bendi ilipiga dansi kila Jumamosi alasiri kwenye ghala la mashine ya kukobolea mpunga, kwa sababu injini ya mashine ile ilitoa umeme, na umeme Ifakara haukuwa kitu cha kuokota njiani. Jumamosi ya kwanza ya kitetemeshi, watu walikuja hata kutoka Kiberege kwa baiskeli. Hilari alipowasha, sauti ya gitaa ilijaa ghalani ikitetemeka, laini, ya huzuni na ya furaha kwa pamoja. Akina mama waliokuwa wakipepeta chenga uani waliacha nyungo zao wakaja kusimama mlangoni. Dionisi, mpiga ngoma, ambaye kwa kawaida hasifu kitu, alisema, "Hapo umepata, bwana."

Kisha, dansi ilipokolea na mashati yakaanza kushika migongo, sauti ikakatika. Haikufifia wala kukwaruza. Ilikatika tu, na Hilari akabaki anakwangua nyuzi ambazo hakuna aliyezisikia. Wachezaji walisimama mmoja amemshika mwenzake mkono. Hilari alitikisa waya, akapuliza, akazima na kuwasha. Wapi. Ilibidi wapumzike, na baada ya mapumziko kisanduku kikafufuka chenyewe, kikapiga vizuri kabisa, halafu kikafa tena.

Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Ya tatu, Hilari akapiga bila kitetemeshi, lakini watu walikwisha kuonja, wakalalamika. Mjini wakaanza kuiita bendi yake Bendi ya Pumzika. Hata padri, alipokutana na Hilari kwenye ngazi za kanisa, alimwuliza kwa upole kama hajambo na mapumziko.

Hilari alijaribu kucheka na wenzake, lakini nyumbani kicheko kiliisha. Jioni alikiweka kisanduku juu ya meza na kukitazama. Apolonia alivumilia hali hiyo kwa muda, kisha siku moja akafungua kopo la biskuti alimotunza vyeti vya ubatizo vya watoto, akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Ulinipa niitunze. Si ndiyo dhamana hii?"

"Ndiyo."

"Imeandikwa mwaka mmoja. Mwaka umekwisha?"

"Bado sana."

"Basi unakitazama cha nini? Kirudi kwa aliyekiuza." Aliikunja karatasi tena. "Na mimi nakwenda. Dada Emerensiana ameolewa Morogoro tangu Rosa hajazaliwa, sijaona hata mlango wa nyumba yake. Shambani hakuna kazi sasa. Mama yako atakaa na watoto."

Hilari, akiwaza vizuri, aliona hakutaka kubisha.

Waliondoka kwa lori la mchele, wakaketi juu ya magunia, Apolonia amekipakata kisanduku kilichofungwa kwa kitenge. Barabara ya kiangazi ilikuwa vumbi tupu. Kidatu walisubiri pantoni iwavushe mto Ruaha, wakala samaki wa kukaanga kwa ugali uliofungwa kwenye majani, na Apolonia akavua viatu akaosha miguu mtoni. Hilari alimtazama akakumbuka kwamba tangu waoane hawajawahi kusafiri wawili peke yao. Daima palikuwa na mtoto mgongoni, au mgonjwa wa kupeleka, au msiba. Alimpelekea kipande cha samaki kilichokuwa kikubwa zaidi.

Duka la redio na gramafoni la Bwana Virji lilikuwa karibu na soko la Morogoro. Bwana Virji mwenyewe alikuwa mzee mwenye miwani, mpole wa maneno na mgumu wa kukubali. Alisoma karatasi ya dhamana mbele na nyuma, akamwita fundi wake, Ildefonce, Mluguru mrefu mwenye bisibisi mfukoni. Ildefonce aliunganisha kitetemeshi na spika ya dukani, akampa Hilari gitaa lililotundikwa ukutani.

Hilari alipiga kidogo. Sauti ilitetemeka vizuri kama siku ya kwanza.

"Mbona kizima?" alisema Bwana Virji.

"Kwetu kinakufa."

"Hapa hakifi. Bwana, dhamana ni kwa ajili ya kitu kibovu. Hiki kizima. Utaniletea ng'ombe mzima niseme anaumwa?"

Hilari alimgeukia fundi. Ildefonce alikuna kidevu. "Kaka, nakuamini. Lakini siwezi kutibu ugonjwa ambao hauonekani. Nikifungua na kugusagusa ovyo nitakuharibia. Kikianza kupiga kinakaa muda gani kabla ya kuzimika?"

"Sijui. Mimi nikipiga, sijui saa."

"Kinakufa watu wakishaanza kutoka jasho," alisema Apolonia.

Wote walimtazama. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, kitenge mapajani.

"Shemeji, una maana gani?" Ildefonce aliuliza.

"Nakaa mlangoni kila Jumamosi, naona. Wakicheza wakiwa wakavu, kinapiga. Mashati yakilowa, kinakata. Wakipumzika wakapoa, na chenyewe kinaamka."

Ildefonce alitabasamu. "Basi ni joto hilo. Ndani mna valvu, zile taa ndogo za kioo, zinapata moto. Bwana Virji, tukipige muda mrefu kama dansini, mpaka kipate moto wa kutosha."

"Humu dukani kwangu?"

"Barazani. Waya utafika."

Bwana Virji alitazama nje. Ilikuwa siku ya soko, na watu walikuwa wakipita na makapu yao bila hata kugeuza shingo kuangalia redio zake. Aliwaza. "Haya. Lakini mpige kitu cha maana."

Wakatoa kiti barazani. Hilari akakaa, gitaa mapajani, akaanza wimbo ambao Ifakara huwainua watu wote. Lakini kupiga peke yako, mchana, bila ngoma, mbele ya watu wanaotoka kununua nyanya, ni kazi nyingine. Vidole vilikuwa vizito. Alikosea, akarudia, akakosea palepale. Mwanamke mmoja mwenye kapu la nyanya alisimama kidogo, akaenda zake. Hilari akainamia nyuzi.

Ndipo aliposikia sauti pembeni yake. Apolonia alikuwa anaimba. Aliimba kama alivyozoea kwenye kwaya ya kanisa, ameshika mikono tumboni, anatazama mbele, lakini maneno yalikuwa ya wimbo wa dansi, mpaka ubeti wa mwisho, na hakukosea hata neno. Hilari alimwangalia kwa mshangao. Miaka yote hiyo alidhani mkewe anakaa mlangoni kwa kumsubiri tu.

"Piga, Baba Rosa," alisema Apolonia kati ya mistari miwili. "Watu wanatutazama."

Akapiga. Sauti ya mkewe ilikuwa imenyooka, ya gitaa ikatetemeka chini yake, na zikashikana. Yule mwanamke wa nyanya akarudi. Akaja mpasua mbao na msumeno begani, wakaja wanafunzi, wakaja wachuuzi wa ndizi wakiacha ndizi zao kwa jirani. Mtu mmoja akapata debe tupu akaanza kulipiga, na alilipiga vizuri. Vumbi likaanza kutimka mbele ya duka. Bwana Virji alisogeza redio mbili karibu na mlango, zionekane.

Wimbo ukafuata wimbo. Kivuli cha baraza kikasogea, jua likawapiga miguuni. Hilari alikwisha kusahau kilichomleta Morogoro. Alikuwa katikati ya wimbo mtamu kuliko yote, watu wanacheza, Apolonia amefumba macho, sauti ya gitaa ilipokatika kama kawaida yake.

Hilari aliruka kutoka kitini. "Kimekufa! Kimekufa! Fundi, njoo uone, kimekufa!"

Watu waligumia kwa uchungu. Mpiga debe alisimamisha mikono hewani akauliza kama huyu bwana ana akili timamu, maana hakuwahi kuona mpiga muziki anayeshangilia kuharibikiwa. Lakini Ildefonce alikwisha kufika na bisibisi, akafungua mfuniko hapohapo barazani, vidole vikiungua.

Mfuniko ulipotoka, vumbi la pumba lilimwagika.

"Aa!" alisema Bwana Virji, akiinama. "Pumba! Pumba za mpunga! Bwana, umekiweka mashineni, kimekula pumba kama kuku. Dhamana haihusu pumba."

Hilari hakuweza kukana, pumba zilikuwepo, na kila mtu alijua kuwa Ifakara pumba huingia hata kwenye kitovu. Apolonia alisogea akatazama ndani, kisha akamtazama fundi.

"Ndizo zilizokiua?"

Ildefonce alipuliza pumba zikatoka. Akachukua kijiti, akagusa waya mmoja mmoja taratibu. Alipogusa waya mwembamba chini ya valvu, spika iliguna. Akaubonyeza huku Hilari akigusa nyuzi, sauti ikarudi. Akauachia, ikakata.

"Huu hapa," alisema. "Umelehemiwa juujuu. Risasi ya kulehemu haikushika. Ukipoa unagusa, ukipata moto unanyanyuka kidogo, kiasi cha unywele." Alimgeukia tajiri wake. "Bwana, pumba ni uchafu tu, hata redio yako ya nyumbani ina vumbi. Kosa hili kimetoka nalo kiwandani. Hata kingekaa kabatini, kingekuwa hivihivi."

Bwana Virji alivua miwani, akainama akaangalia mwenyewe, akabonyeza kwa kijiti, akaachia, akabonyeza tena. Watu walikuwa wamejazana mpaka kwenye mabega yake, kila mmoja akitaka kuona unywele huo.

"Kweli," alisema mwishowe. "Kweli, haikushika." Akavaa miwani. "Mlehemie. Na waya zingine zote uzitazame. Dhamana ni dhamana." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, "Na ukimaliza, lazima tukijaribu tena. Hapahapa barazani. Muda mrefu."

Apolonia alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa kitenge.

Walijaribu tena mpaka soko likafungwa. Kitetemeshi hakikukata. Kilipata moto hata mkono haukuweza kukaa juu yake, lakini sauti iliendelea, na watu wakaendelea, na kabla duka halijafungwa mpasua mbao alikuwa ameondoka na redio kichwani. Bwana Virji alimpa Apolonia soda iliyopozwa kwenye ndoo ya maji, akamwomba waje tena kesho yake.

"Kesho nakwenda kwa dada yangu," alisema Apolonia. "Huko ndiko nilikokuja."

Wakakaa kwa Emerensiana, wakala, wakazungumza habari za kwao Mahenge na za watu waliokufa na kuzaliwa, na Hilari akakaa kwa raha akisikiliza madada wawili wakikatizana maneno. Walipopanda lori kurudi, kisanduku alikipakata yeye.

Njiani, walipopita Mikumi, Hilari alisema, "Kumbe nyimbo zote unazijua."

"Unazipigia nyumbani kwangu kila siku. Nitaacha kuzijua?"

"Mbona hukuwahi kusema unataka kuimba?"

Apolonia aliwaza, akitazama nyati waliosimama mbali kwenye majani makavu. "Hukuwahi kuuliza. Na mimi sikujua kama nataka, mpaka nilipokuona umekwama pale barazani. Nilikuonea huruma."

"Huruma tu?"

"Mwanzoni."

Hilari alicheka, na utingo akageuka kuwatazama.

Jumamosi iliyofuata ghala la mashine lilijaa. Hilari alipiga, kisanduku kikapata moto, mashati yakalowa, na sauti haikukatika. Apolonia alikuja amevaa gauni lake la Pasaka, akaimba nyimbo tatu, akakataa ya nne kwa sababu Rosa alikuwa amesinzia kwenye magunia. Wanakwaya wenzake wawili walikuwepo mlangoni. Mmoja alinuna, mwingine alipiga makofi. Dionisi alimwuliza kama atakuja tena wiki ijayo, akajibu kuwa itategemea na kazi.

Tangu hapo, jioni, baada ya chakula, jirani waliwasikia wakifanya mazoezi nje ya nyumba, gitaa likipigwa bila umeme, sauti ndogo ya waya na mbao.

"Umepandisha mno," Apolonia husema. "Shusha. Mimi si filimbi."

Hilari hulegeza nyuzi kidogo, akazijaribu kwa dole gumba, nao huanza upya.