Kaburi la Nguo za Oliva

Nikolausi alifundisha Kigiriki cha kale katika chuo kidogo cha Biblia karibu na Nangwa, kazi ambayo hata mbuzi wa jirani waliidharau. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi: Mgiriki hakuuliza tu jambo lilitokea lini, aliuliza pia unalitazama vipi. Chukua neno kufa. Kwa umbo moja mtu alikufa, basi, tendo limefungwa. Kwa umbo la kuendelea, ni jana ileile, lakini mtu alikuwa anakufa, hajafika. Wanafunzi walipiga miayo.

Tangu tope la mlimani limchukue binti yake Oliva, Nikolausi alijificha ndani ya umbo hilo la pili. Mwili haukuonekana. Kila mvua iliponyesha Oliva alikuwa anakufa, na anayekufa bado yupo. Ulikuwa ujinga wa msomi, naye aliujua, akaukumbatia.

Lakini nyumba isiyozika haimalizi msiba. Kwa desturi ya ukoo wao, watu wake hawaingii kwa jirani, wala jirani haingii kwao. Mkewe Gaudensia alichota maji kisimani wenzake wakishaondoka.

Alfredi, kaka mkubwa wa Nikolausi, akaja na wazee.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Tuzike nguo zake. Wazee wamekubali. Ila lazima wewe baba mtu usimame kaburini, useme kwa kinywa chako kwamba mtoto amekufa. Upweke unammaliza mkeo."

Nikolausi alimtazama Gaudensia. Alikuwa amekonda mno. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mumewe akahesabu kimya hicho kuwa ndiyo.

Wakachimba. Wakalaza sweta na sketi ya shule. Nikolausi akasimama kwenye ukingo.

"Binti yangu Oliva alikufa," alisema.

Wanawake wakaangua kilio, wakamkumbatia Gaudensia kwa mara ya kwanza tangu masika. Jioni majirani walijaa nyumbani, wakapika chai, wakaosha vyombo, wakacheka kidogo. Gaudensia alikaa katikati yao kama mgeni. Nikolausi akajiambia kwamba alifanya haya kwa ajili ya mkewe.

Walipoondoka, Gaudensia alisonga ugali. Tangu binti yao azaliwe alikuwa akimwita mumewe Baba Oliva, hata walipogombana. Sasa alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kitenge, hakumtazama.

"Nikolausi," alisema, "chakula tayari."