Pole Isiyo na Mwenyewe

Ufagio ulitolewa mkononi mwake kwa upole, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Wewe mgeni wetu bwana, kapumzike," mama mwenye nyumba alimwambia, akimwonyesha kochi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba hii siku ya tatu ilikwishapita zamani, mvua zikaja zikaenda, na jembe halikuonekana. Binti huyu mgeni alikuwa fundi cherehani, kaja kutoka mbali kushona sare katika karakana ambako baba mwenye nyumba alikuwa msimamizi. Familia ikampokea kwa mikono miwili. Alipakuliwa wa kwanza, akapewa mnofu. Alipoingia jikoni, mabinti wa nyumba walikatisha umbea wao, wakamfutia kigoda. Wema huo ulimkaba, naye akajiona mtovu wa shukrani kwa kukabwa. Alichotamani ni kugombezwa, japo siku moja, kwa kuunguza maharage, kama walivyogombezwa wenzake.

Bibi peke yake ndiye aliyemtuma. "Mke mwenzangu," alimwita, kwa utani uleule aliowatania wajukuu zake, "njoo unikate kucha kabla hawajakuona." Binti alizikata kucha zile ngumu huku Bibi akimteta mkwewe, wakacheka wote wawili mpaka machozi. Kwa muda huo mfupi alikuwa mtu wa nyumba ile, na alimpenda Bibi kwa hilo.

Jioni moja alirudi kutoka kazini akakuta viatu vimejaa barazani. Bibi alikuwa amefariki asubuhi.

"Mbona hukuniambia, baba?" alimuuliza msimamizi. Asubuhi hiyo alikuwa amemwona akitoka karakanani kwa haraka. Mzee alipopita kwenye cherehani ya binti alimpungia mkono tu.

"Nilitaka. Nikaona nisikusumbue na mambo yetu ya nyumbani."

Macho ya mzee yalikuwa mekundu, na alisema kweli. Hapo ndipo akili ya binti ilipovurugika. Utamkasirikiaje mtu aliyefiwa na mama yake?

Alikwenda jikoni, akashika sufuria ya chai. Mama mwenye nyumba akaipokea, akamshika mkono, akamkalisha sebuleni pamoja na wageni waliotoka safari. Waombolezaji walikuwa wakipita wakiwapa mikono mabinti wa nyumba, "pole, pole sana", na walipomfikia yeye wakamruka. Hakujua alie kama mjukuu au afariji kama jirani. Alitazama mlango wa chumba cha Bibi, akasubiri mtu amwambie lipi ni lake. Hakuna aliyemwambia. Mwishowe akasimama, akajiunga na foleni, akawapa mikono wale wasichana aliokula nao asubuhi.

"Poleni," alisema.

"Asante," wakajibu, macho chini. "Asante kwa kuja."

Mwanamke mmoja asiyemjua, mwenye sura ya Bibi, akamgusa bega. "Umeshatoa pole, mwanangu? Basi wahi nyumbani, giza lisikukute njiani."

Alimshukuru. Akavitafuta viatu vyake katika lile rundo, akavivaa, akafika hadi langoni na kufungua komeo. Ndipo alipokumbuka kwamba kitanda chake kiko ndani, ukuta mmoja na cha Bibi.

Akasimama palepale, mkono kwenye komeo. Watu waliokuwa wakiingia wakasogea pembeni, wakampisha atoke.