Mwalimu Katikati ya Mikeka

Jumanne mchana mshauri wa wanafunzi alitandika mikeka ya mazoezi kwenye chumba cha pembeni ya maktaba, akazima feni iliyokuwa inapiga kelele, akawakaribisha mabinti walioachwa na wapenzi wao. Muhula huo chuo kilikuwa na mabinti walioachwa kibao, ndiyo maana kikaanzisha darasa la kupumua.

Kidoti, wa mwaka wa mwisho, alikaa karibu na mlango. Hakuwa analia tena. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Alichotaka ni kitu kimoja tu: andiko lake la utafiti lipate saini, amalize chuo, aondoke zake. Na mwenye kusaini ndiye huyohuyo aliyemwacha.

"Fumbeni macho," mshauri alisema. "Akija mawazoni msimfukuze, wala msimkaribishe. Mtoeni na pumzi, mtazameni, apite."

Wakavuta, wakatoa. Kwenye pumzi ya Kidoti vikatoka viatu vya kahawia, vimepigwa rangi vizuri. Binti wa pembeni yake akatoa suruali yenye mkunjo wa pasi. Mwingine akatoa kitambi, mwingine mkono wenye saa na vumbi la chaki vidoleni. Vitu vikajongea katikati ya chumba vikaungana vyenyewe. Kichwa kilichelewa, maana mwenye nacho alikuwa na mafua.

Alikuwa mwalimu wa takwimu, msimamizi wa Kidoti, mzima mzima, na miwani yake.

"Kumbe na wewe?" binti wa suruali aliuliza.

"Na mimi," Kidoti akajibu.

"Aliniambia hajawahi kupata mtu anayemwelewa kama mimi."

"Hata mimi aliniambia. Shoga, kwa tunavyoelewa hivi, mbona takwimu tunafeli?"

Mshauri alimzunguka yule mwalimu wa pumzi, akampangusa bega. "Vizuri sana. Sasa mtazameni bila kuhukumu."

Wakamtazama bila kuhukumu mpaka muda ukaisha.

Kidoti akanyoosha mkono. "Mama, naomba nibadilishiwe msimamizi."

"Hilo si la hapa, mwanangu. Hapa tunapumua tu."

Wakakunja mikeka. Mwalimu wa pumzi aliachwa palepale, kabati la kumtosha halikuwepo. Msafishaji akapiga deki kumzunguka.

Kidoti akapanda ghorofani kwa mwalimu mwenyewe, yule wa kweli. Ndani ya ofisi kulikuwa na kicheko cha msichana. Akabisha.

"Subiri nje," mwalimu akasema.

Akakaa kwenye benchi la koridoni, nyayo sakafuni, mgongo wima, kama alivyofundishwa.

Baadaye mlango ukafunguka. Akatoka binti wa mwaka wa kwanza, kakumbatia daftari, anachekacheka peke yake.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi, mdogo wangu. Napumua."

"Haya. Mwalimu kasema uje kesho, leo kachoka."

"Sawa," Kidoti akasema, akasogea mpaka mwisho wa benchi, akamwachia nafasi ya kukaa zamu yake ikifika.