Shamba Safi

Mkulima alipofika kona ya mwisho, matenga matupu ya nyanya yakigongana nyuma ya baiskeli, aliona moshi unapanda kutoka upande wa kwake. Akakanyaga pedali kama mwizi anayefukuzwa.

Mama mkwe wake alisimama katikati ya mteremko, jembe begani, jasho likimtiririka, uso umejaa furaha.

"Karibu nyumbani, baba! Haya, tazama mwenyewe. Si sasa linaitwa shamba?"

Alitazama. Majani makavu aliyoyakusanya msimu mzima kuufunika udongo yalikuwa majivu. Mistari ya nyasi aliyoipanda kukata mteremko, ili maji ya mvua yasichimbe, ilikuwa imeng'olewa pamoja na mizizi yake na kurundikwa kando ya njia. Udongo kati ya miche ya maharage ulibaki wazi, umelainishwa kama kitanda kilichotandikwa. Na mawingu yalishaanza kuinama.

"Umejichosha, mama," alisema. Akailaza baiskeli chini.

"Nichoke wapi! Majirani wanakuita Bwana Magugu, mimi nasikia. Nikasema binti yangu hawezi kuzeekea porini."

Mkewe alikuwa mlangoni, akijikuna kiwiko. "Nilimwambia aache. Akasema natetea uvivu wako."

Hapo ndipo palipomuuma zaidi. Kila alipokuja kuwasalimu, mama mkwe aliuliza kwa upole, "Shamba limekushinda, mwanangu?" na yeye akacheka tu, maana utabishanaje na mkweo? Majirani wa bondeni aliwabembeleza wapande nyasi nao. Watoto wa shule aliwaeleza mpaka sauti ikamkauka. Huyu mmoja, kwa heshima, hakumweleza kitu.

Tone la kwanza lilimwangukia shingoni. Akakimbilia lile rundo, akakumbatia mashina mengi kadiri alivyoweza. Mizizi ilikuwa bado mibichi. Mkewe akachukua jembe, akaanza kuchimba mashimo mbele yake.

"Unarudisha uchafu?" mama mkwe alishangaa.

"Si uchafu, mama!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hizi nyasi ndizo zinazolishika shamba! Umeliua shamba langu!"

Mama mkwe akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya safari, mkoba kwapani, lakini mvua ilishafunga njia. Akabaki chini ya paa, midomo ameibana.

Maji yakashuka kwa kasi. Yakachora mifereji katika udongo ule laini, yakabeba majivu, samadi na miche ya maharage. Mkulima alikuwa amemaliza mstari mmoja na kipande. Akishindilia shina hapa, maji yanang'oa pale. Alitukana kimoyomoyo, na hakujua anamtukana nani.

"Huo udongo unakwenda wapi?" mama mkwe aliuliza kutoka barazani.

"Mtoni."

"Wote?"

"Ule wa juu, mama. Ule unaotulisha."

Mama mkwe alisogea ukingoni mwa baraza, akayafuata maji kwa macho.

"Si ungeniachia kazi nyingine asubuhi," alinung'unika. "Mtu kukaa bure kwa watu ni aibu. Mimi nilijuaje? Nani aliniambia?"

Maji yalimpita mkulima katikati ya miguu, mekundu, yana haraka zao.

"Kazi ipo, mama," alisema, akisukuma shina jingine kwenye matope, wala hakuinua kichwa kuona kama anavua vile viatu.