Wodi Isiyofunguliwa

Kathini alimwambia mwenye bodaboda aende zake. Yule bwana alikuwa tayari kumfikisha mpaka hospitali kubwa ya Mwingi, lakini ya nini kumtesa mtoto kwenye vumbi lote lile, na hapa kituo cha afya cha Nuu kuna wodi mpya ya watoto? Mashine ya oksijeni ilipoletwa, yeye ndiye aliyeongoza wimbo wa kuipokea. Yeye na akina mama wenzake wa kanisani ndio waliochota maji bwawani ya kukorogea simiti. Wodi hiyo aliijua tangu msingi.

Mutindi, bintiye wa miezi saba, alikuwa akikoroma, mbavu zikibonyea ndani kila alipovuta pumzi. Nesi Nzisa alimtazama mara moja tu, akampokonya mamaye.

"Huyu anataka oksijeni. Saa hii."

"Si mashine iko, Sista?"

Mlango wa wodi ulikuwa umefungwa utepe wa buluu, na nyuma ya utepe kulikuwa na kufuli. Dirishani Kathini aliiona mashine, bado imevishwa nailoni, kando ya kitanda chenye shuka jeupe.

Nesi akampigia Bwana Musyimi, msimamizi wa kituo, aliyekaa na ufunguo. Kwa kuwa mikono ilijaa mtoto, aliiweka simu kwenye spika.

"Sista, si nilisema hiyo wodi haijafunguliwa? Mheshimiwa anakuja kuifungua Ijumaa."

"Mtoto anaenda, boss."

"Sasa mheshimiwa akikuta imeshatumika, atafungua nini? Mpeleke Mwingi na ambulensi."

"Ambulensi si uliituma ikabebe tenti na viti?"

"Basi ngojeni irudi. Mwambie huyo mama tunamwombea."

Kathini alimgeukia Mbuvi, mzee wa kulinda lango, aliyekuwa akimwagilia maua mapya kando ya wodi.

"Mzee, vunja hiyo kufuli."

"Nikivunja, kesho nimefutwa, mwiitu, binti yangu. Na wangu watakula nini?" Alisema hivyo akiangalia maua.

Nzisa alimdunga mtoto sindano, akaitwa kwa mgonjwa mwingine, akarudi, akaitwa tena. Kathini alibaki barazani peke yake na Mutindi kifuani. Alimpigia mumewe, Mulwa, anayepasua mawe huko Athi River. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Aliichukia sauti ile ya simu, akajichukia mwenyewe zaidi kwa kumruhusu yule wa bodaboda aondoke. Angekuwa Mwingi sasa. Alimpulizia mtoto puani kwa mdomo wake mwenyewe, polepole, kama anayepuliza jiko asilotaka lizimike.

Ambulensi iliporudi na viti, Mutindi alikuwa amenyamaza.

Walimzika jioni ileile nyuma ya nyumba. Wenzake wa kanisani walikuja, wakaomba, wakaosha hata vyombo, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Walikuwa na mazoezi ya wimbo wa Ijumaa. Mulwa alipopatikana, alilia kwenye simu mpaka ikakatika.

Ijumaa Kathini alikwenda kituoni. Nyumba ilikuwa imemshinda, hasa kile kijishuka kilichoning'inia kwenye kamba. Alisimama katikati ya wanawake, akafungua mdomo kuanzisha wimbo, sauti ikakataa. Kasyoka, aliyesimama kando yake, aliudaka wimbo haraka mgeni asigundue.

Mheshimiwa akakata utepe. Musyimi aliichana nailoni mwenyewe, akaiwasha mashine wageni waione ikifanya kazi.

"Makofi ya kilo kwa mheshimiwa!" akapaza sauti mshereheshaji.

Watu wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaitwa kwenye tenti kula pilau. Kathini alibaki dirishani. Hakuna aliyekumbuka kuizima mashine. Mpira wake mwembamba, wa kutosha pua ya mtoto, ulikuwa umelazwa juu ya mto, ukipuliza hewa kwenye kitanda kitupu.