Mkono Usio na Nafasi Kwenye Fomu

Saa tatu na robo asubuhi mpimaji wa upendo wa akina mama aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaweka saa yake sawa, akaanza kumwangalia mfua nguo. Dakika kumi, maswali ishirini. Fomu hiyo ilikwisha kutumika katika nchi saba na hakuna mama aliyeilalamikia, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa.

Mfua nguo alikuwa amezamisha mikono hadi viwiko katika mashuka ya watu, mtoto wa miezi sita mgongoni. Fomu ilitaka mama amtazame mwanawe usoni na kutabasamu. Yeye alitazama mashuka. Mpimaji akaandika sifuri, kisha sifuri nyingine.

Dakika ya nne mtoto alikunja uso. Kabla hajalia, mkono wa tatu ulichomoza katikati ya mabega ya mama yake, ukamfuta kamasi, ukamwekea kofia vizuri, ukampigapiga mpaka akasinzia. Ulikuwa mkono wa kawaida, mkavu.

"Huo umeota lini?" mpimaji aliuliza, maana swali la kumi na moja lilihusu uzazi.

"Wiki ya pili baada ya kujifungua, dada. Kwa yule wa kwanza iliota miwili, alikuwa msumbufu."

Mpimaji alimpigia simu msimamizi wake, mtu mpole aliyekwisha kuhutubia mikutano mingi kuhusu malezi. Msimamizi aliuliza fomu ina nafasi ya mikono mingapi. Miwili, akajibiwa.

"Basi hesabu miwili. Tukianza kuongeza viungo, tutajilinganishaje na nchi nyingine?"

Alama zikawa tatu kati ya ishirini. Anayepata chini ya kumi, mtoto wake hushinda kituoni kuanzia Jumatatu, kwa walezi waliofunzwa kutabasamu, huku mama akifundishwa upendo kwa video. Mfua nguo aliuliza mwanawe atakuwa akirudishwa saa ngapi. Saa kumi na moja jioni. Mkono wa mgongoni ukakaza fundo la mbeleko.

Mpimaji naye alikuwa na mtoto, wa miezi mitano, anayelelewa na bibi yake tangu kazi hii ianze. Humwona Jumapili. Siku ya mafunzo yeye alipata kumi na tisa, akimtabasamia mwanasesere.

Tangu asubuhi mgongo ulikuwa ukimwasha. Sasa alihisi vidole vikisukuma koti kwa ndani, vikitafuta wa kumfuta kamasi. Roho ilimuuma, wala hakujidanganya kwamba ni uchovu. Alifunga vifungo vyote, akatia sahihi, akatoa nakala. Mkono wa tatu wa mfua nguo ndio ulioipokea, maana ile mingine ilijaa povu.

"Uachie upumue, dada," mfua nguo alisema, akiangalia koti lilivyotuna.

"Jumapili," mpimaji alijibu, akachukua fomu nyingine, akaenda kubisha hodi nyumba ya pili.