Mami, Nimefika Salama

Njau alikufa Jumatatu asubuhi kwenye barabara kuu pale Juja, akitoka Thika kuja kazini Ruiru. Jumanne mamake, Wakonyo, alipata ujumbe kwenye simu kule Ngoliba: "Mami, nimefika salama." Jumatano akapata mwingine.

"Mtoto wangu ako kazini," aliwaambia waliokuja kumpeleka mochari. "Hiyo maiti yenu mtajua ni ya nani."

Kaburi lilikuwa linachimbwa tayari. Wakonyo akakaa mlangoni kwake, akakataza mtu yeyote kuzika.

Bosi wetu, Odhiambo, akanigeukia mimi kwa sababu meza yangu na ya Njau zilipakana. "Nekoye, hiyo message inatoka kwa system yetu. Itafute, uitoe."

Mimi mambo ya mizimu sina subira nayo. Kazi yetu ni kuandika programu inayowatumia wateja wa maji ujumbe, basi. Nikafungua faili tuliyokuwa tukiorodheshea kila huduma, yaani kila kipande cha programu chenye kazi yake, kwa mkono, moja moja, na sikuona kitu. Hapo nikakumbuka kwamba Njau mwenyewe ndiye aliyetuondolea kazi hiyo. Siku hizi kuna sehemu ya programu tunayoiita kontena, ndiyo inayogawa huduma. Kila server, yaani kompyuta yetu kuu, ikiwaka, kontena yenyewe hupekua folda ya programu na kusajili chochote inachokikuta humo. Haiulizi aliyekiandika yuko wapi.

Nilikipata kipande chenyewe chini kabisa ya folda hiyo. Njau alikuwa ameivisha huduma ya kutuma ujumbe vazi la juu, kama kitambaa unachozungushia thamosi: anayemimina hajali, chai ni ile ile. Ila vazi lenyewe, kila server ikiwaka alfajiri, lilimtumia kwanza mamake ujumbe mmoja. Alfajiri hiyo Njau yuko kitandani anakoroma! Mama hakuwa akinywa chai kabla ya kuambiwa mtoto amefika, na mtoto hakujua kuwahi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake iliishia Juja. Nilicheka, kisha nikalia kwa hasira. Nilimpenda yule mjinga kama ndugu yangu.

Hata Jumatatu ile, kontena ilikuwa imeshasema amefika kabla hajatoka nyumbani.

Habari kama hiyo haisemwi kwa simu. Nilibeba kompyuta yangu hadi Ngoliba, nikaketi karibu na Wakonyo.

"Mama Njau, hiyo ni mashine. Njau aliifunza ikudanganye ndio usikae na njaa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na Jumatatu?"

"Hata Jumatatu, Mama."

"Ngai, Mungu wangu," alisema. "Basi itoe. Kesho simu ikinyamaza, nitaenda kumwona."

Nilikifuta kile kipande mbele ya macho yake. Na kwa kuwa sipendi kazi ya nusunusu, nikampigia Odhiambo azime server, ang'oe waya ukutani na kufunga ofisi mpaka tumalize kuzika. Asubuhi simu ilinyamaza. Wakonyo akavaa viatu, akapelekwa mochari kule Thika, akamwona mwanawe. Kilio alichokitoa pale sitaki kukisikia tena maishani.

Tulizika Jumamosi. Ofisi nzima ilikuwepo, Odhiambo akiwa na funguo za ofisi mfukoni. Pasta aliomba, jeneza likashushwa polepole, likagusa chini, kamba zikalegea. Simu ya Wakonyo ikalia ndani ya kiondo.

Aliitoa, akasoma, akanipa.

"Mami, nimefika salama."

Nilimtazama Odhiambo. Alisoma juu ya bega langu, akapapasa mfuko, akanionyesha funguo, akatikisa kichwa. Yule mtu hajawahi kunidanganya. Na mimi nilikuwa nimekifuta kile kitu kwa vidole vyangu mwenyewe! Niliogopa sana, na zaidi niliogopa kwamba mama atasema mtoto wake ako kazini, kwamba atawaamuru wavute jeneza juu, na tuanze upya.

Wakonyo alichukua simu yake, akaizima, akairudisha kwenye kiondo. Kisha akainama, akachota udongo kwa mkono.

"Leo hajanidanganya," alisema, akautupa.